Mifuko Miwili ya Kitambaa Kimoja

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi huku tunaendelea. Mama miguu inamsumbua kidogo, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Naandika kwa sababu simu ya mama ukipiga inasikika hadi kwa jirani, na jirani habari zangu ameshazisambaza za kutosha.

Ni wiki tatu sasa tangu mlinzi alipotoa mkasi wa fundi mkuu ndani ya mfuko wangu, mafundi wote wakitazama, nikafukuzwa. Kila siku nairudia jioni ile. Ilikuwa Jumamosi, tumeshafungasha aproni chafu na mabakuli yetu ya chakula. Mvua ilikuwa inakuja, nikautungua mfuko msumarini nikakimbilia mlangoni. Basi. Mkasi ule mimi hata kuuazima sikuwahi, najua hautakiwi kuondoka kwenye meza ya kukatia.

Huku nilidhani nitajishonea zangu taratibu. Mama mmoja akaniletea kitambaa cha gauni la bintiye, kesho yake akaja kukichukua. Eti amebadili mawazo kuhusu rangi. Mwizi hapewi kitambaa, dada. Nisiposafishwa jina, ushonaji wangu umekwisha.

Wewe umekaa na fundi mkuu miaka tisa, anakusikiliza. Niombee.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata, nimefurahi kusikia mko salama. Mimi nipo, kazi tu zimenielemea. Mwambie mama asisimame sana.

Hilo la kusema na fundi mkuu si jepesi kama unavyodhani. Tangu uondoke amekuwa na hasira za karibu. Meza yako amenipa mimi. Juzi nimekata gauni la harusi la binti wa muuza saa, shingo ikaenda upande kidogo, kidogo tu, naye akaguna, "Angekuwepo Sindano."

Miezi kumi na moja ulikaa humu ukapewa jina. Mimi miaka tisa bado naitwa "wewe hapo." Na ni mimi niliyekuleta, nikakuonyesha hata choo kilipo. Nikimpigia mama, kabla hajaniuliza nimelalaje ananiuliza, "Mdogo wako umemsemea?" Umefukuzwa, na bado kila ninapogeuka nakukuta wewe.

Usinielewe vibaya. Pumzika kwanza. Watu husahau.

Dada yako


2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anatembea vizuri zaidi.

Jana aliugeuza mfuko wangu ndani nje ili ashone mkanda uliofumuka. Katikati ya kazi akanyamaza. Mama kunyamaza unajua mwenyewe si jambo dogo. Nikamuuliza kuna nini, akasema, "Huu ni wa dada yako."

Unakumbuka alivyotushonea mifuko hii? Kitambaa kimoja, kapima kwa tepu mara mbili, asije mmoja akaona mwenzake kapendelewa. Kumbe alitia alama kwenye kona ya bitana, kwa ndani kabisa: uzi wa bluu wako, wa njano wangu. Hakutuambia kwa sababu tungegombania rangi. Mfuko nilionao una uzi wa bluu.

Chungulia huo ulio nao. Kama ni wa njano, basi jioni ile niliutungua mfuko wako. Niandikie mwenyewe, kwa mkono wako, mkasi ulifikaje humo. Sijamwambia mama ninachowaza. Lakini tangu jana hajakutaja.

Mdogo wako


20 Aprili

Dada,

Leo sikusalimii. Uzi ni wa rangi gani?

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu umeninyima na sina la kulalamika. Zangu zipokee ukipenda.

Uzi ni wa njano. Nimeutazama kila siku tangu barua yako ilipofika.

Mkasi niliuchukua mimi, nifanye mazoezi. Wewe unakata shingo mara moja, bila chaki, huku unapiga soga. Mimi nachora mara tatu na bado mkono unasita. Nikajidanganya kwamba kinachokusaidia ni ule mkasi wa fundi mkuu, maana wewe ulikuwa unakata karibu naye, nikadhani anakuazima. Nilitaka Jumapili nijaribu kwenye mashuka yetu ya zamani wewe ukiwa sokoni, Jumatatu niurudishe kabla ya mtu kufika. Mlinzi mimi hanipekui, ananiuliza hali ya mama tu ananipisha. Nikauviringisha ndani ya aproni, nikatundika mfuko. Wewe ukautungua.

Nilikuwa nyuma yako mlangoni, watu watatu katikati yetu. Neno moja lingetosha. Na nikuambie lililo baya zaidi, maana sina mwingine wa kumwambia: mlinzi alipouinua ule mkasi juu, kabla sijaogopa, nilifurahi.

Jana nimeeleza yote, mafundi wakiwepo, mlinzi akiwepo. Nilijiandaa kutukanwa. Fundi mkuu akaniambia nikusanye vitu vyangu, halafu akauliza, "Sindano atarudi lini?" Hata kosa langu limegeuka kuwa habari yako. Nimesimama pale nimefukuzwa, bakuli mkononi, na wivu umenishika upya. Najionea aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Meza yako inakusubiri. Mimi nitafika kwa mama Jumamosi ijayo.

Dada yako


9 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mama akikupa barua hii mimi nitakuwa nimeshaondoka kurudi kwa fundi mkuu. Nimetoka asubuhi makusudi tusikutane.

Mama nimemsomea barua yako yote. Alilia, kisha akauliza kama unakula vizuri. Usije ukasema mimi ndiye ninayependwa.

Yule mama wa gauni juzi alirudi na kitambaa chake, eti rangi ile ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote. Nimemwambia utalikata wewe. Kiko juu ya cherehani, vipimo nimevibana kwa pini. Chora chaki mara tatu kama ulivyozoea, wala usione haya. Shingo zako hazikuwahi kuwa mbaya, zilikuwa na woga tu. Ningekuambia kama ungeniuliza.

Na mimi nimekuonea wivu, tena wa miaka mingi. Mtaa mzima unamwita mama kwa jina lako. Mpaka leo sijasikia hata mtu mmoja akimwita kwa langu. Nikiwa mdogo nilikuwa naenda nyuma ya nyumba kulilia jambo hilo. Lakini mlangoni nisingekuacha.

Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuandikia.

Mfuko wako uko msumarini, mkanda umeshonwa. Wangu ulio nao baki nao. Nimejishonea mwingine, wa kitambaa kingine.

Mdogo wako