Dampa Mpya kwenye Gari ya Baba

Jumanne, 6 Agosti 2024

Oya Kipara! Usinune, ndo jina lako kuanzia leo. Crispin kachana jalada lako akawashia jiko, umebaki kichwa wazi. Kaka gani huyu! Anatoa mahari mwezi huu na bado anachoma madaftari ya watu.

Mzigo umefika! Baba kaufuata stendi mwenyewe, kaubeba begani kama mtoto mgonjwa. Katutoa wote sebuleni, kafungua boksi kwa kisu cha mkate, polepole. Springi nne ndefu za kuinua gari inchi mbili. Shokapu nne za njano. Bushi za mpira. Na dampa – ile shokapu nyembamba inayolala chini kwa mbele, kazi yake kutuliza usukani usitetemeke.

Nikauliza beringi ziko wapi.

Beringi zipi?

Za kingipini, Baba! Si nilikuandikia kwenye karatasi! Pale tairi la mbele linapogeukia, moja juu moja chini, kila upande! Na sili zake za kuzuia maji!

Akasema karatasi aliiona. Ila beringi hazionekani. Springi zinaonekana.

HAZIONEKANI! Nimeenda jikoni nikapiga sufuria teke. Mama kaniuliza sufuria imenikosea nini.

Maana ishu ni hii. Tarehe 24 tunapeleka mahari ya Crispin kwa kina Diana, Manyovu. Baba anataka Landkruza ifike kule imesimama juu, watu wageuke. Mimi nataka ifike. Basi. Kuna miteremko huko Kalinzi, na hii gari ukikanyaga shimo ukiwa sitini usukani unacheza mpaka meno yanagongana.

Jumatano, 7 Agosti 2024

Tumeshinda kwa Fundi Dismasi, Buzebazeba. Nasema "tumeshinda" ila mimi nimeshinda nimesimama. Eti nisichafuke.

Nilivyofika tu, Fundi kaanza, maana anajua najifunza ufundi kwenye video za simu: "Haa, daktari wa simu huyo! Binti, hiyo simu yako imeshawahi kushika spana?" Wakacheka wote. Na Baba kacheka.

Tairi la mbele kushoto lilikuwa juu kwenye jeki. Nikalishika juu na chini, nikalitikisa. Kok-kok. Kok-kok! Nikamwambia Crispin panda ukanyage breki. Ukikanyaga breki kucheza kukaisha, ni beringi za hab, kile kitovu cha tairi, unakaza tu. Kusipoisha – kingipini. Crispin kakanyaga.

Kok-kok.

Fundi hata hakuinama. Kasema amefungua gari kabla mama yangu hajanizaa, na kwamba dampa ya zamani ilikufa, mpya itamaliza kila kitu. Wakafunga springi. Wakafunga shokapu. Wakafunga dampa.

Na kweli, Kipara – ilitulia! Baba kaipeleka mpaka Ujiji, kapita kwenye mashimo makusudi, usukani kimya. Karudi anaendesha kwa kidole kimoja. Kaniangalia tu. Kile kidole!

Dampa haijatibu kitu. Ni sawa na kumeza Panadol jino limeoza. Maumivu yanakaa kimya, jino linaendelea. Nimesema, hakuna aliyesikia, walikuwa wanapiga picha.

Ijumaa, 9 Agosti 2024

NIMEPATA! Nimepata nimepata nimepata!

Nilikuwa Kibirizi kwa Yasmini, namsaidia kugeuza dagaa. Saa kumi hivi Baba anakuja, kama kila Ijumaa. Katoka mjini, gari ya moto. Kaingiza pua ziwani moja kwa moja mpaka maji yamefunika hab zote mbili. Chsssss! Mvuke. Kakunja suruali, katoa kitambaa chake, kaanza kuogesha.

Yasmini kanipiga kiwiko. "Rafiki yangu, hii gari inabatizwa mara ngapi? Ipeni kipaimara iishe."

Nikacheka. Halafu kicheko kikaisha ghafla. Pembeni ya Yasmini kulikuwa na chupa ya maji, tupu, imefungwa, imekaa juani tangu asubuhi. Nikaichukua nikaichovya ziwani. Ikajikunja! Yenyewe! Hewa ya ndani ilikuwa ya moto, ikapoa, ikasinyaa, ikavuta.

Hab ni hivyohivyo! Inaingia ya moto, inapoa ghafla, inavuta maji kupita kwenye sili zilizochoka. Kila Ijumaa. Maji yanakaa humo na grisi, beringi zinaoga na zenyewe. Siyo barabara, siyo uzee. Ni Baba!

Yasmini kasema sasa kamwambie. Amesema kirahisi tu, kama ananituma chumvi.

Jumapili, 11 Agosti 2024

Nimemwambia. Baada ya misa, tukiwa mezani. Niliomba vizuri, na shikamoo juu, na chupa nikaleta kumwonyesha.

Kasema kaendesha gari hii miaka kumi na tisa kwenye mradi, kabeba madaktari, kabeba wakimbizi wajawazito, kavuka mito, na kila wiki kaiogesha ziwani, na haikuwahi kutetemeka. Mradi ulivyofungwa kainunua mnadani kwa kiinua mgongo chake kwa sababu anaijua kuliko mtu yeyote. Mama akanong'ona: ndo mke mkubwa huyo. Crispin akacheka.

Hapo ndo nikaharibu. Nikasema mradi ulikuwa na gereji yake, Baba. Kila mwaka walifungua, wakabadilisha sili, wakatia grisi mpya. Wewe ulikuwa dereva tu.

Dereva tu.

Kaacha ugali nusu. Samaki hajamgusa. Katoka, kakaa ndani ya gari, kaifungulia redio.

Nina hasira naye na nina hasira na mdomo wangu. Lakini sijasema uongo!

Jumatano, 14 Agosti 2024

Nilikuwa na akili moja nzuri sana. Kipara, ilikuwa nzuri! Kama dampa inaficha ugonjwa, si naitoa? Nati mbili tu. Aendeshe mwenyewe aone. Asubuhi Baba akiwa anaoga nikaingia chini, spana ya kumi na tisa, dakika kumi, nikaitia dampa uvunguni mwa kitanda changu. Nikamwambia twende wote Ujiji, nataka kununua kitambaa. Nilitaka niwepo.

Tulivyofika hamsini na tano, shimo dogo tu. Mungu wangu. Usukani ulimnyang'anya mikono! Gari nzima inapigwa huku na huku, dashibodi inagonga, boda anakimbilia mtaroni. Baba akaisimamisha kwa shida. Jasho kwenye masharubu.

Nikasema: umeona? Hiyo ndo hali yake halisi, Baba. Dampa nimeitoa mimi.

Nilidhani atasema ahaa! Nilidhani kabisa!

Kasema, "Umetaka kuniua."

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Ikawa kama naongea na kioo. Tumerudi mwendo wa kinyonga, kampigia Fundi Dismasi, kaja na pikipiki, kairudisha dampa, gari ikatulia. Fundi kajifuta mikono taratibu, kasema mbele ya majirani: si mnaona wenyewe, ikiwepo gari nzima, daktari wa simu akiitoa gari mbovu. Ugonjwa wa gari hii unaitwa Melania.

Majirani walicheka! Na ukiangalia kwa macho, ndivyo ilivyo. Ushahidi wangu wote umegeuka ushahidi wake.

Alhamisi, 15 Agosti 2024

Marufuku kugusa gari. Marufuku kugusa boksi la spana. Sitaki kuandika.

Jumanne, 20 Agosti 2024

Wamepanga viti leo. Kumi na moja! Baba, Mama, Crispin, shangazi wawili, mshenga, wazee wanne wa ukoo kutoka Simbo, na mimi nyuma na kreti za soda. Wazee watapandia njiani, kwa hiyo mpaka Simbo tayari gari imejaa na ndo kwanza safari.

Nimemshika Crispin pembeni. Nikamwambia kodi Hiace, kaka, nakuomba. Kasema Baba atakufa kwa aibu. Nikasema bora yeye afe kwa aibu kuliko sisi wote kwa mteremko. Kasema una mdomo mbaya, ndo maana hakuna anayekusikia. Labda kweli. Lakini tairi likilala barabarani halitauliza nani alikuwa na adabu!

Mama kanifuata uani naanua nguo. Kauliza bila kuniangalia: una uhakika, Melania?

Nikasema kabisa, Mama.

Akakunja shuka, akakunja lingine. Halafu kasema yeye atakaa mbele, karibu na Baba.

Sasa ndo nini hicho? Ndo msaada gani huo? Nililia kwa hasira, nimejifunika na shuka moja ambalo lilikuwa halijakauka.

Ijumaa, 23 Agosti 2024

Kaenda kuiogesha tena. Kwa ajili ya kesho. Yasmini kapiga simu: mbona leo imekaa majini mpaka jua limeshuka?

Jumamosi, 24 Agosti 2024

Naandika nikiwa ndani ya gari. Milango nimefunga. Funguo iko kwenye soksi. Mwandiko mbaya, nivumilie.

Saa kumi na mbili asubuhi Baba kaenda kunyolewa na kuchukua suti kwa dobi. Nikasema sasa au basi. Jeki, magogo mawili chini ya ekseli, tairi la mbele kushoto nje. Kifuniko cha chini cha kingipini kina nati nne. Ya mwisho iligoma, nikaipiga nyundo nikiwa natukana.

Kilivyoachia, yakamwagika maji. Maji, Kipara! Siyo grisi – uji wa kijivu, umejaa beseni la Mama la kufulia, na mchanga ndani yake. Halafu vyuma vikaanza kudondoka. Tik. Tik. Vipande vya beringi, vyeusi, vimeliwa kama meno ya mzee. Nimeviokota saba. Nikakaa chini nikacheka peke yangu. Nikapiga kelele: NJOONI MUONE SASA!

Hakuna wa ndani aliyekuja. Walikuja shangazi.

Walikuja na vitenge vya sare, na mshenga nyuma yao na kofia. "Mwakeye!" wakaamkia kwa Kiha – halafu wakaliona tairi chini. Shangazi mkubwa kauliza mbona gari imekatwa mguu siku ya mahari. Crispin katoka na tai haijafungwa, kaanza kupiga kelele, kasema ameshajua nina wivu. Wivu! Wa nini, wa Diana? Mama kashika mdomo. Nikaona Crispin anafuata funguo pale kwenye usukani, nikaiwahi, nikaingia ndani nikajifungia.

Baba kafika na pikipiki. Suti ya kijivu, kichwa kinang'aa. Watu wote wakampisha.

Nilidhani atapasua kioo. Nilijiandaa kabisa.

Kachuchumaa pale kwenye hab. Kachovya vidole viwili kwenye beseni. Kavisugua, polepole, hivi, kama anapima unga. Kanusa. Kafumba macho. Ule uji unanuka ziwa, Kipara, hata mimi niliusikia nilipofungua. Kaokota kipande kimoja cha beringi, kakiweka kiganjani, kakigeuza.

Halafu kajifuta vidole kwenye suruali. Suruali ya suti! Baba yangu, ambaye kuku akipita karibu na bampa anafukuzwa mtaa mzima!

Anajua. Nimemwona anajua. Hakuna mtu mwingine kaona, wote walikuwa nyuma yake, ila mimi nilikuwa juu namwangalia usoni.

Mshenga kauliza, Mzee Jeremia, kuna tatizo?

Kasema, "Hakuna. Ni kidogo tu."

Na sasa hivi, ninavyoandika hivi, anarudisha kifuniko. Vile vipande kavitia mfuko wa koti. Nati ya kwanza kaifunga. Ya pili. Hajavua hata koti. Sijui anafunga ili tuende, au anafunga ili wasione. Kwa mgongo wake huwezi kujua.

Shangazi wameanza kupakia kreti nyuma. Gari inatikisika juu ya magogo. Nimepiga honi mpaka wamezishusha. Mama yeye hajapakia kitu, kasimama upande wa mlango wa mbele, mkoba mkononi, ananiangalia.

Tairi limerudi.

Baba kasimama kwenye kioo changu. Haniangalii. Anaangalia barabarani. Kagonga kwa kidole – kioo alichokipangusa jana mpaka jua linashuka – na kidole kimeacha alama ya kijivu pale katikati. Kasema taratibu sana, mimi tu nisikie: "Melania, mwanangu. Nipe funguo."

Hajasema anaenda wapi nayo.

Mkono bado uko pale. Kiganja wazi. Vidole viwili bado vina ule uji wa kijivu.

Kipara, wewe ungeshusha kioo?