Damu Saba Nukta Moja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Karibu nianguke darasani. Nilishika ubao, chaki ikanitoka, watoto wa Gredi ya Tatu wakakimbia kumwita mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu amesema nisirudi kabla ya kwenda kliniki. Mimba ina miezi saba — nilidhani kuchoka ni kawaida.

Jumanne, 4 Machi
Nimeteremka Embu mjini. Damu ni saba nukta moja, inatakiwa ifike kumi na moja. Daktari akauliza kama nameza vidonge vya madini ya chuma. Nikasema ndiyo. Uongo! Vinanitapisha, tangu Januari viko chini ya vitabu vyangu. Na odowa natafuna kila siku, hayo mawe laini ya udongo pia sikuyataja. Akasema basi vidonge vimeshindwa, Alhamisi nitawekewa chuma kwa mshipa, kwa dripu. Damu ikiwa hivi, nikivuja kidogo tu wakati wa kuzaa ni hatari. Sasa sielewi. Nikisema ukweli, watanirudisha kwa vidonge?

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia Virginia, muuguzi wa kliniki, nikasema yote. Hakunigombeza. Hata nikianza kuvimeza leo, muda hautoshi, alisema, nije tu. Nikalia. Sijui kwa nini.
Mama Kithaka, mama mkwe wangu, ndiye hunipikia terere, mboga ya kuongeza damu, karibu kila siku. Aliposikia habari ya dripu akasukuma sufuria kando.
"Kwa hivyo chakula changu hakina damu?"
Mume wangu Kithaka anasema niende, kisha anasema ningoje. Nikimuuliza ni gani, anaenda kukamua ng'ombe.

Alhamisi, 6 Machi
Naandika nikiwa kitandani, kliniki. Mama Kithaka amekuja nami — sikumwomba. Dawa yenyewe ni ya kahawia, kama strungi, chai isiyo na maziwa. Dakika tano hivi baada ya kuanza, kifua kikabana, uso ukawa moto. Virginia akafunga dripu, akanipima presha, akamwita daktari. Imepita. Mtoto anacheza tumboni. Daktari anasema hutokea, si mzio, dripu inaweza kuendelea polepole. Lakini niamue mwenyewe. Amenipa robo saa.
Kithaka hashiki simu.
Nimemuuliza Mama Kithaka nifanye nini. Ameniangalia sana.
"Mimi nilizaa sita bila kujua damu yangu ni ngapi. Wakabaki wawili. Usiniulize mimi."
Sita? Miaka minne niko kwa hilo boma, sijawahi kusikia. Ameshika miguu yangu juu ya shuka.
Virginia anakuja. Nimenyoosha mkono wenye sindano, aifungue tena dripu, polepole.