Kadi Sita, Muhuri Mmoja

Chumba cha juu,
Duka la Rangi,
Jumanne.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na hujapanda tena juu ya paa peke yako huku ukimwambia mama unakwenda kunyoosha miguu. Mama naye hajambo? Kikohozi chake cha asubuhi kimepungua? Na dada, je, ameshapatana na jirani juu ya ile kamba ya kuanikia nguo, au vita bado mbichi? Mimi mwanao sijambo. Nakula, nalala, na nimeolewa. Hilo la mwisho unalijua, maana wewe ndiye uliyenishika mkono, ila nivumilie, kila nikiamka linanishangaza upya. Wiki iliyopita karani mmoja aliniita Bibi kwa jina la ukoo wa mume wangu, nikageuka nyuma kumtafuta mama mkwe.

Barua hii nimeipeleka kwenye sanduku lako la posta, ambalo ufunguo wake haujawahi kutoka mfukoni mwako, kwa sababu nataka uisome wewe kabla ya mtu mwingine. Kadi ni mali ya wote. Mpeleka barua anaisoma, dada anaisoma, jirani anasomewa juu ya ukuta, kisha mama anaibandika pembeni mwa kioo. Barua angalau ina bahasha.

Kadi sita nadhani zimeshafika, au zinakaribia. Sijasahau ulivyoniambia siku ile nafunga masanduku, kwamba umegonga mihuri kwenye barua za watu miaka thelathini na moja na hujapata hata kadi moja iliyoandikwa jina lako. Ulisema kwa kucheka, lakini nilikuona ukiangalia pembeni. Nikakuahidi nane, moja kwa kila bandari. Na tulipoingia chumbani mwetu melini, nikakuta juu ya mto pakiti ya kadi nane na kalamu. Nikaona hata meli inakujua.

Baba, meli ile! Mabaharia wamevaa nyeupe tupu, ngazi ina zulia, na chumba chetu kilikuwa na dirisha la duara ambalo mume wangu alilifuta kwa shati lake ili mimi nione vizuri. Nitaandika "mume wangu" mara nyingi, unisamehe, bado nalionja hilo neno. Unakumbuka mlivyokuwa mnasema fundi friji gani huyu, hana maneno? Anayo. Anayasema polepole na yote ni ya kuchekesha. Jioni ya kwanza tumekaa mezani, mishumaa imewashwa, muziki unapigwa, mimi nimevaa lile gauni la kijani, naye ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza siri. Nikadhani atanipa maneno ya mapenzi. Akaniambia friji iliyo nyuma ya kaunta ya vinywaji haitafika Ijumaa. Akainuka kumwambia mhudumu, aliporudi ndipo akanishika mkono hadi mwisho wa chakula. Nilikula kwa mkono mmoja na sikuona taabu.

Hayo ni ya kweli. Na kadi ya kwanza ni ya kweli, kila neno.

Sasa, baba, najua hukuanza kusoma maandishi kwenye hizo kadi. Uliangalia muhuri kwanza, kama ulivyozoea. Basi umeshaona kwamba zote sita zimegongwa posta moja, katika mji ule ule, wakati picha na maneno yangu vinakwambia tuko bandari ya tatu, ya nne, ya tano. Nilijua utaona. Bado niliandika. Siku nyingine nadhani niliandika kwa sababu nilijua utaona.

Tulishuka melini siku ya tatu. Mume wangu aliamka hawezi kunyoosha mgongo, rangi ya uso imekuwa kama majivu. Daktari wa meli alimbonyeza tumbo mara moja tu akaenda kupiga simu. Tulipofunga gati bandari ya kwanza, abiria walishuka kwa ngazi yenye zulia, sisi tukatolewa kwa mlango wa chini wanakopakilia kabichi na makreti ya maji, yeye juu ya machela, mimi nyuma nimebeba viatu vyake. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Walimpasua mchana ule ule, na baada ya siku nne wakampasua tena kwa sababu ya usaha.

Usishtuke, baba. Amepona. Namaanisha anapona. Jana ametembea hatua kumi na moja hadi dirishani na kurudi, wodi nzima ikampigia makofi. Wanamwita Bwana Harusi. Mzee wa kitanda cha pili, fundi wa kuchomelea vyuma, huniona mlangoni akatangaza kwamba wengine hufanya fungate hotelini lakini sisi tumechagua wodi ya wanaume, kitanda namba tisa, chenye huduma zote. Kuna muuguzi mmoja anayejua lugha yetu kidogo, ndiye mdomo wetu. Na mume wangu ameshamwambia friji yao ya dawa inalia vibaya. Walimwita fundi wao kumridhisha mgonjwa tu, wakakuta ni kweli.

Siku ile ya kwanza, saa kumi, nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa hospitali nikingoja atoke chumba cha upasuaji, nikaiona meli kupitia dirishani inaondoka. Watu walikuwa wamejaa juu wanapunga mikono, kama wafanyavyo, hawampungii mtu yeyote. Nikajikuta nami napunga. Nilipunga hadi ikawa ndogo kama kisanduku cha kiberiti, na masanduku yetu mawili yako miguuni mwangu.

Nimepanga chumba juu ya duka la rangi. Mwenye nyumba ni mama mjane, mtu mwema, tunazungumza kwa mikono. Ameshanielewa kwamba nina mume na anaumwa. Kitanda ni cha watu wawili. Nalala ukingoni upande wa ukuta, ule mwingine nauacha kama ulivyo, sijui namheshimu nani. Harufu ya rangi inapanda kupitia mbao za sakafu. Hospitali wanaruhusu kuingia kwa muda wa saa moja adhuhuri na saa moja nyingine jioni. Saa hizo mbili, baba, nisikudanganye, nina furaha kuliko mwanamke yeyote. Naingia mbio na kutoka kinyumenyume ili nisiache kumwona. Zilizobaki ishirini na mbili ni zangu peke yangu.

Sikujua kwamba sijawahi kula peke yangu. Kwetu hata ukijificha jikoni na kipande cha mkate, dada atatokea kuuliza unakula nini. Hapa nakaa mbele ya sahani na sahani inanitazama. Juzi nilimsikia mtu anasema kwa sauti, "Chai imepoa," ndipo nikatambua ni mimi. Kuna siku neno langu la kwanza tangu kuamka nalitoa saa sita mchana, nikifika kitandani kwake, na linatoka limekwama. Nilikupigia simu mara moja, dakika mbili, nikasema mtandao wa melini ni mbovu. Lililokuwa bovu ni koo langu.

Ndiyo maana zile kadi. Nilianza ili msipate wasiwasi, nikaendelea kwa sababu ya raha. Nilikuwa nazipeleka wodini, tunasoma kijitabu cha safari alichotupa mhudumu wa meli, halafu tunaitunga bandari pamoja. Yeye ndiye aliyesema tuandike kwamba alicheza dansi na mke wa nahodha mpaka nikanuna. Alicheka akashika mshono, muuguzi akatugombeza wote wawili. Hivyo, baba, tumekwenda kila mahali, kwa saa moja moja ya wodini. Kisha kengele inalia, nashuka na kadi yangu hadi posta.

Posta yao ni ndogo, kaunta tatu, moja tu inafanya kazi. Karani ni mzee wa rika lako. Nilipompelekea kadi ya nne aliigeuza, akaitazama ile picha ya bandari ya mbali, akanitazama mimi niliyesimama mbele yake, akaitazama tena. Nikangoja aulize. Akagonga muhuri taratibu, katikati kabisa ya duara, akaniinamishia kichwa. Nilitoka nje nikalia, si kwa uchungu, ila alikuwa ameinamisha kichwa kama wewe.

Baba, mpaka hapa ningeweza kufunga barua nawe ungesema ni mkosi tu, ndiyo dunia. Mume wangu anataka iwe hivyo. Lakini sio mkosi.

Asubuhi ya kupanda meli alitapika. Akasema ni vyakula vya harusi, na mimi nikasema ndiyo, ni vyakula vya harusi, kwa haraka kuliko yeye. Tangu siku iliyotangulia alikuwa anatembea ameshika ubavu wa kulia. Pale bandarini wakatupa fomu, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, zote mbili nilijaza mimi. Swali la sita liliuliza kama msafiri ameumwa tumbo, ametapika au amekuwa na homa katika siku tatu zilizopita. Akainama akasoma juu ya bega langu. Akasema kwa upole kwamba labda tungemwona daktari kwanza, kampuni yake itaelewa. Mimi nilikuwa nimeshaiona ile ngazi yenye zulia. Safari hii kampuni ilimpa kama zawadi ya fundi bora wa mwaka, nayo ilikuwa na tarehe yake, na harusi nzima tuliisogeza kwa ajili ya tarehe hiyo. Nikamwambia, "Ukisema ndiyo, tunarudi nyumbani leo hii, watu watatucheka." Akanyamaza. Nikaandika "Hapana", kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukijivunia kwa wenzako kazini.

Na kilichonikaa kooni ni kwamba nilikuwa nimeonywa. Siku ya kuagana mama mkwe alinivuta nyuma ya mlango akaniambia, "Huyu akiumwa hasemi. Ukimwona kanyamaza, jua kuna jambo." Alinikabidhi mwanawe wa pekee kwa maneno hayo. Siku ya pili yake tu nikamwona amenyamaza, nikamshukuru Mungu kwamba amenyamaza.

Daktari wa hapa alisema tungekuja siku mbili mapema, ingekuwa kidonda kidogo na wiki moja ya kupumzika. Sasa ni miezi sita asiinue kitu kizito, na wewe unamjua, alikuwa anapandisha friji mgongoni hadi ghorofa ya tatu. Daktari aliuliza, kupitia kwa muuguzi, maumivu yalianza lini. Mimi nimesimama miguuni pa kitanda. Mume wangu akanitazama, akamjibu, "Jana, daktari. Ghafla tu."

Tangu siku hiyo nikijaribu kulitaja ananiuliza fomu gani, yeye hakumbuki fomu. Anageuza mzaha. Ameshapanga hata ya kumwambia mama yake, kwamba yeye ndiye aliyeng'ang'ania kupanda, kwa kiburi chake mwenyewe. Nampenda, baba, sina namna ya kueleza ninavyompenda. Lakini anaponisamehe kwa kujifanya hakuna la kusamehe, naona upweke kuliko kule chumbani kwenye harufu ya rangi. Kule niko peke yangu kwa sababu yeye hayupo. Pale yupo, ameshika mkono wangu, na bado niko peke yangu.

Barua hii ikifika, zitakuwa zimebaki siku chache kabla ya siku mnayotutegemea nyumbani. Hatutafika. Daktari anasema wiki mbili zaidi. Basi nakuomba jambo moja. Nenda kwa mama mkwe, wewe mwenyewe, usimtume dada. Nenda mchana, kaa kwanza, mwambie mwanawe yu hai na anatembea, kisha umsomee barua hii, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Mama alishanisimulia jinsi ulivyokuwa ukiwasomea watu barua pale kaunta, na ukikuta habari mbaya unakohoa, unaruka mistari, unaingia kwenye salamu. Najua ulifanya kwa huruma. Ukifika kwenye fomu, baba, usikohoe. Soma "Hapana" kama nilivyoiandika. Akitaka kunitukana mwache, na maneno yake uniandikie yote, usiyapunguze hata moja.

Mama umwambie ninampenda na lile shuka alilonipa ndilo ninalojifunika. Dada umsalimie, mwambie kamba si yake, ni ya jirani, nimekuwa nikilijua siku zote. Mume wangu anakuamkia sana. Kurasa nyingine ameniona nikiziandika kando ya kitanda chake, anadhani nakueleza habari za hali ya hewa. Nitamwambia kesho adhuhuri, nikishaitia barua hii sandukuni, kwa maana nikimwambia kabla atanichekesha, na nikicheka sitaituma.

Ni mimi mwanao, mke wa mtu,
Kitindamimba.