Ushahidi wa Mlevi

Jumatano, mwezi wa Mfungo Sita. Jua kali tangu asubuhi na upepo hakuna kabisa.

Naandika nimelala kifudifudi juu ya jamvi, kidau cha wino kiko karibu na pua yangu. Mgongo hauguswi. Leo nimepigwa viboko arobaini mbele ya watu wa Bagamoyo, mimi niliyewafundisha watoto wao Kurani kwa miaka kumi na minne. Nimepigwa kwa kosa la kunywa tembo la mnazi, na kosa hilo hakuna aliyenishitaki. Nimelitaja kwa kinywa changu mwenyewe.

Aliyemuua Bi Fatuma hakuguswa.

Naiandika habari hii yote sasa hivi, kabla sijaanza kujitungia maneno ya kujitetea. Nayajua maneno hayo. Nimeishi nayo muda mrefu.

Bi Fatuma alikuwa jirani yangu, mama mtu mzima, akipika mikate ya kumimina kwenye kichochoro cha nyuma ya chuo changu. Watoto walikuwa wakisoma huku pua zao ziko jikoni kwake. Alikuwa mkali wa maneno. Akinisikia nimempiga mtoto alipaza sauti kutoka mekoni kwake: "Mwalimu, herufi haiingii kwa matako!" Nilikuwa nakasirika kila mara, na leo ningetoa kanzu yangu nimsikie mara moja tu.

Siku aliyogongwa ilikuwa Ijumaa, kabla kidogo ya magharibi. Jemadari wa askari alipita kichochoroni humo juu ya punda wake mkubwa wa Kimaskati, anamkimbiza kama yuko uwanjani. Kichochoro chenyewe watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Bi Fatuma alikuwa anainuka na chungu cha uji wa mikate. Punda alimpiga kifuani, akaanguka kichwa kikagonga ngazi ya mawe ya mlangoni kwake. Aliishi siku mbili bila kusema neno.

Jemadari alisema punda alishtushwa na moshi wa mama huyo. Alisema mama alijitupa njiani. Alisema yeye alikuwa akitoka bandarini kulinda pembe zilizoingia na msafara, na kwamba hajaonja tembo tangu azaliwe. Askari wake watatu waliapa kuwa walikuwa naye. Basi punda akachukuliwa, akafungwa nyuma ya nyumba ya liwali. Mjini watu wakafanya mzaha kwamba mtuhumiwa yuko kifungoni, anangoja kuapishwa.

Mimi sikucheka. Mimi nilijua alikotoka.

Alikuwa shambani kwa mgema, njia ya Kaole, tangu adhuhuri, na nilikuwa nimekaa mbele yake kwa kiasi cha mkono. Tulikuwa watu sita, yeye mbali. Siwataji wengine, kila mtu na kaburi lake. Nasema langu tu. Miaka saba nimekuwa nikimwambia mke wangu Mwanahamisi kwamba naenda kumwandikia mgonjwa kombe, aya za kuoshwa anywe, nachukua sahani nyeupe na zafarani kwenye kikapu, nafika kwa mgema, kikapu naweka chini, nakunywa. Tembo la asubuhi ni tamu kama maji ya dafu. La alasiri ni jingine, limekwisha kuwa kali, linakung'ata ulimi. Mimi nalipenda la alasiri.

Jemadari alikunywa kupita sote. Alipotaka kupanda punda alianguka upande wa pili, akainuka na mchanga kwenye ndevu, akapanda tena. Tulicheka mpaka machozi. Hakuna aliyesema, "Bwana, tembea kwa miguu leo." Nami sikusema. Nilirudi mjini kwa miguu nyuma yake, najitafunia karafuu kuua harufu, na nilipoingia kichochoroni nikakuta watu wamejaa na mikate imekanyagwa.

Mtoto wa Bi Fatuma ni mmoja tu, Zuhura, mwanamke mjane asiye na kaka wala mjomba wa kumsemea. Alikwenda mwenyewe kwa kadhi. Kadhi akamwambia mambo ni mepesi ukiyapata: lete shahidi mmoja, Mwislamu mwadilifu, aliyemwona jemadari amelewa siku ile. Wewe utaongeza kiapo chako, na hukumu itapita. Zuhura hakutaka kutajirika kwa damu ya mama yake. Alitaka ijulikane kwamba mama hakujitupa chini ya punda kama kuku, na kwamba mtu yule avuliwe upanga.

Shahidi mmoja. Wanaume sita tuliona, lakini nani aseme? Ukisema ulimwona akinywa, utaulizwa wewe ulikuwa unafanya nini huko. Kila mlango Zuhura aliobisha aliambiwa bwana mwenye nyumba siku hiyo alikuwa na homa. Homa gani hiyo ya kuwapata watu watano saa moja!

Juzi akaja kwangu. Nilijua amenijia mimi. Nilikaa barazani, nangoja aniambie, "Nawe ulikuwapo."

Hakusema hivyo. Aliketi chini, akavuta kanga yake, akasema: "Mwalimu, wewe huendi mahali pale, Mungu amekuepusha. Lakini wale waendao wanakuheshimu. Nakuomba uwaambie wamwogope Mungu, mmoja wao aseme."

Nikamjibu inshallah.

Nikamwombea dua na mama yake nikamwombea. Alipoondoka nikachukua kikapu changu na sahani yangu nyeupe nikaenda kwa mgema, nikanywa mpaka sikumkumbuka. Hilo ndilo nililolifanya. Nimeliandika, na mkono haukukauka.

Jana usiku sikulala. Leo asubuhi nikaoga, nikavaa kanzu safi, nikaenda barazani kwa kadhi. Watu walikuwa wengi kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho aliyompa Zuhura. Jemadari alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachezea kipini cha jambia. Aliponiona aliinua nyusi kidogo, akatabasamu. Alijua siwezi.

Nikasema nina ushahidi wa siku ile.

Kadhi ni mtu mpole, tumesoma pamoja tukiwa wadogo. Aliniuliza, "Ulimwona wapi, Mwalimu?"

"Shambani kwa mgema, Sheikh."

Watu wakanong'ona. Kadhi akanitazama sana. Akasema taratibu, kama mtu anayemshika kipofu mkono, "Njia ya Kaole inapita hapo. Labda ulikuwa unapita."

Wallahi mlango ulikuwa wazi. Neno moja, ndiyo, na ushahidi wangu ulikuwa umesimama, na Zuhura angeapa, na jemadari angevuliwa upanga mbele yetu. Nilimwona Zuhura upande wa wanawake ameinama mbele. Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya msahafu. Msahafu huo nimewafundisha watoto miaka kumi na minne kwamba hausemewi uongo, hata uongo mdogo, hata wa kumwokoa mtu. Nilikuwa nimechoka na uongo. Nikasema:

"Sikuwa napita. Nilikuwa nakunywa naye."

Kadhi akainua mkono haraka. "Basi usiendelee. Usiseme neno jingine."

Ndiyo sheria, naijua, nimeisoma kabla hajaniambia. Mnywaji si mwadilifu, na asiye mwadilifu hashuhudii. Nilifika na ukweli mkononi, na ukweli wenyewe ukanifunga mdomo. Jemadari alicheka kwa sauti. Ametoka pale kama alivyoingia, na hapo hapo kadhi akalazimika kunihukumu mimi niliyekiri. Nilitolewa uani. Aliyeshika kiboko ni askari wa jemadari yuleyule, mmoja wa wale watatu walioapa, na alipoinama kunifunga mikono nikasikia tembo kwenye pumzi yake. Pua yangu haikosei katika jambo hilo.

Sikuhesabu viboko. Nilimsikia mzazi mmoja akisema, "Huyu ndiye aliyekuwa akimfundisha mwanangu!"

Nimebebwa nyumbani. Mwanahamisi alinipaka mafuta ya nazi mgongoni. Halafu akasema, "Kombe za miaka saba, bwana, na sijasikia hata mgonjwa mmoja aliyepona."

Kumbe alijua. Nilijificha kwa mtu aliyekuwa akinitazama. Nilitaka ardhi ipasuke.

Mchana wazazi wamekuja kuchukua mbao za watoto wao. Hawakuingia ndani, waliwatuma watoto wenyewe. Kila mtoto ameingia kwa adabu, shikamoo Mwalimu, marahaba, akachukua ubao wake akatoka. Mzee mmoja wa Mapinga, mwenye watoto wawili wanaolala kwa shangazi yao hapa mjini, amesimama nje akauambia ukuta, nami nimsikie, kwamba afadhali mtoto awe mjinga. Chuo sasa ni chumba kitupu chenye mikeka. Nina miaka arobaini na sita na sijui kazi nyingine.

Nimemlaumu kadhi kutwa nzima. Nimemwita mwoga, nimemwita mtu wa liwali. Kisha alasiri akamtuma karani wake na maneno, nikamwambia ayarudie mara mbili: "Mwambie Mwalimu, ushahidi wake sikuusikia, kwa hiyo sikuukataa. Ningemwacha auseme ningelazimika kuukataa, na uliokataliwa haurudi tena. Mwambie atubu. Mwenye kutubu akikaa mwaka mzima bila kurudia, watu wakamwona, uadilifu wake hurudi. Mwaka ukipita aje. Daftari la Bi Fatuma sijalifunga."

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini aliinua mkono kwa haraka vile. Nikalia kwa mara ya kwanza leo. Viboko havikuniliza.

Mwaka mzima! Jemadari anaweza kupelekwa Pangani kesho. Anaweza kufa. Anaweza kumtuma mtu akanipitia mimi kichochoroni. Lakini hayo si yanayonitisha, nisijidanganye. Kinachonitisha ni kwamba katika miaka saba sijawahi kumaliza siku tatu. Ramadhani nilikuwa nafuturu kwa tende na kwenda zangu. Nimetubu mara nyingi kuliko nilivyooga baharini. Mungu anazo toba zangu tele, na kila moja ilikuwa ya kweli siku niliyoitoa.

Zuhura amekuja baada ya karani kuondoka, maneno ya kadhi ameshapelekewa naye. Hakunishukuru, nami sikutegemea. Alisimama mlangoni, Mwanahamisi akampa kigoda, akakikataa.

"Ungesema ulikuwa unapita," akasema.

"Nilikuwa nimeapa, Zuhura."

"Mama angekusamehe kiapo hicho."

Pengine ni kweli. Pengine sikusema ukweli kwa ajili ya Mungu wala kwa ajili ya mama yake, nilisema ili nitue mzigo wangu mwenyewe, nikautua juu yake. Nimelifikiri hilo tangu alipolisema na sijapata mahali pa kulikwepa.

Kisha akauliza, "Mwaka mmoja. Utaweza, Mwalimu?"

Ningemwambia inshallah kama juzi. Neno lilifika kwenye meno nikalirudisha. Nikamwambia, "Sijui."

Nadhani lilikuwa jibu la kwanza la kweli kulipata kwa mwanamume tangu mama yake azikwe. Akamuuliza Mwanahamisi, si mimi, ni saa ngapi bwana huyu huwa anatoka na kikapu. Mwanahamisi akamwambia, watu wakishatoka msikitini alasiri.

"Basi nitakuja saa hiyo," Zuhura akasema. "Kila siku. Nitaleta meko ya mama niyaweke hapa barazani, nipike mikate. Akitaka kutoka atanipita mimi."

Ameketi huko nje sasa hivi. Meko bado hajaleta, ameketi tu, mgongo wake umeegemea mlango wangu. Namsikia akikohoa. Jua linaanza kuteremka na mgema atakuwa anashusha vibuyu vya jioni. Herufi zimeanza kupanda na kushuka, na si kwa ajili ya viboko. Ulimi umekuwa kama kipande cha ngozi. Nimekunywa maji kata tatu na hayaendi mahali panapoyataka.

Mwanamke huyu hakai pale kwa kunihurumia. Katika mji huu mzima, wa askari wote na mabwana wote, Bi Fatuma amebakiwa na shahidi mmoja tu, naye ni mimi.

Na shahidi wake ana kiu.