Nilivyomkana Cucu wa Bata

Mama Wangari,

Nashipai wangu, ukiipata barua hii naomba ukae kwanza, hata kama jiko linawaka. Nyumbani mko aje? Mgongo wako unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua ilisaidia? Wangari amepona kikohozi? Nilisikia baridi imeunguza majani ya viazi hapo Naro Moru, nikafikiria vile wewe huamka na kwenda kuyaangalia hata kabla ya kunawa uso. Na baba mkwe huko Doldol, mbuzi wake wamepata majani ama bado anawahamisha? Mimi mwili uko sawa. Nakula, nalala, miguu imezoea meli kutikisika. Ni roho ndiyo haijakaa vizuri, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Simu yetu unaijua. Ukiishika, mama yangu anasogea, Wangari anadai aongee, jirani naye anasalimia kutoka mlangoni. Haya ninayotaka kusema hayawezi kupita katikati ya watu wengi hivyo. Kwa hivyo barua hii nimempa Wachira, yule jamaa wa Kiganjo ninayelala naye chumba kimoja. Mkataba wake umeisha na anarudi nyumbani, na ameahidi kukuletea mkononi. Mpe chai, lakini usimwulize kitu. Atakusimulia akicheka, na mimi sitaki ucheke kabla hujasikia kutoka kwangu.

Kazi yangu unaijua, sikukuficha: kusafisha ngazi, korido na vyoo vya abiria. Lakini kuna jambo moja la abiria ambalo sijawahi kukuambia, kwa sababu niliona utafikiri nakudanganya. Watu hawa hubeba bata wadogo wa mpira kutoka kwao, wale wa manjano ambao watoto huchezea ndani ya maji ya kuoga. Wakishaingia melini wanaanza kuwaficha. Wanawaweka juu ya fremu za picha, kwenye vyungu vya maua, nyuma ya mapazia, popote. Kila bata amefungwa kikaratasi shingoni chenye jina la aliyemficha na mji wake. Ukimpata ni wako. Unaweza kumpeleka nyumbani ama umfiche tena mahali pengine. Na si watoto peke yao. Nimeona wazee wenye mvi, watu waliostaafu kazi kubwa, wamelala kwa tumbo wakichungulia chini ya kiti, na wakimpata bata wanashangilia kama mtu aliyepata ng'ombe wake aliyepotea. Sisi wa usafi tumeambiwa tusiwaguse. Tunapangusa vumbi kando kando yao.

Safari hii kulikuwa na bata wa tofauti. Walikuwa wamevaa kofia nyekundu za kufumwa, ndogo kama kifuniko cha chupa, na aliyewaficha alikuwa na akili. Mmoja nilimkuta mikononi mwa ile sanamu ya mwanamke iliyo karibu na lifti, kama mtoto ananyonyeshwa. Nilicheka peke yangu nikiwa na ndoo. Kikaratasi sikukisoma. Ningekisoma, labda ningejitayarisha.

Unamkumbuka Cucu Ruth. Hukuwahi kumwona, lakini nilikusimulia: yule mgeni niliyempandisha mlima nikiwa bado naongoza wageni, wakati Wangari alikuwa anajifunza kutembea. Wapagazi ndio walimpa jina la Cucu, kwa vile alikuwa na umri wa nyanya zetu na hakutaka kusikia habari ya kurudi. Karibu na kambi ya juu kichwa kikaanza kumuuma, akatapika, miguu ikakataa. Nikambeba mgongoni. Nilishuka naye kupitia kile kinamasi ambacho hata mtu mwenye nguvu na fimbo huzama hadi magotini, mpaka pale magari hufika. Njia nzima nilikuwa nikimwambia "kahora, kahora", polepole, ingawa ni mimi nilikuwa natembea. Akaanza kulisema na yeye. Baadaye alitutumia kadi ya shukrani.

Basi siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka. Abiria fulani alikuwa ametapika kwenye ngazi, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikisafisha, msimamizi wangu amesimama nyuma akiniharakisha. Watu walikuwa wamejaa juu na chini wakingoja nimalize wapite. Nikasikia mtu akisema, "Peter? Peter wa mlimani?"

Nikainua macho. Alikuwa yeye. Amepungua mwili, anatembea na fimbo, na katika mkono ule mwingine ameshika bata wa kofia nyekundu. Alikuwa ameanza kutabasamu. Kando yake alikuwa binti yake, mwanamke anayetuzidi umri kidogo.

Nashipai, mlimani mimi nilikuwa mtu. Nikisimama, wote wanasimama. Nikisema leo hatupandi, hata awe jaji anarudi kwa hema lake na kungoja. Cucu huyu alinijua hivyo, na sasa alikuwa ananiangalia mikono yangu ikiwa ndani ya matapishi ya mtu. Nikasema, "Samahani mama, umenifananisha. Mimi natoka Tanzania. Mlima sijawahi kupanda."

Jina langu limeandikwa hapa kifuani. Akaliangalia, akaniangalia. "Lakini hapo pameandikwa Peter."

"Akina Peter ni wengi, mama."

Tabasamu likaondoka. Binti akamshika kiwiko. "Twende, mama. Unaona? Umeanza tena."

Wakapita. Mimi nikainama nikaendelea kusugua, hata mahali palipokuwa pameshatakata.

Nilifikiri imeisha. Lakini mtu wa usafi husikia mambo mengi, kwa sababu watu huongea mbele yake kama hayupo. Kesho yake nilikuwa napangusa reli za korido karibu na chumba chao, mlango uko wazi kidogo, na nikaelewa kwamba walikuwa na shida kabla ya mimi. Cucu anaishi peke yake. Ameanza kusahau vitu, kuna siku aliacha jiko likiwaka, na binti alikuwa akimchunguza safari nzima aone kama anaweza kuendelea kukaa kwake ama atafutiwe makao ya wazee.

"Mama, ulimwita mtu usiyemjua, mbele ya watu," binti alikuwa akisema. Hakuwa anafoka. Alikuwa amechoka. "Na hayo maneno unayosema ukishuka ngazi ni ya lugha gani?"

"Kahora. Ni Peter alinifundisha."

"Yule bwana amesema hakujui."

Cucu akasema, "Basi labda nimechanganya." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtoto anayekubali kosa ambalo si lake ili mambo yaishe. Nilisimama hapo na kitambaa mkononi, na badala ya kubisha mlango nikaenda kupangusa korido nyingine.

Binti akamnyang'anya mfuko wake wa bata. Aliogopa mama yake atapotea melini akitafuta mahali pa kuwaficha. Kutoka hapo nilikuwa nikimwona Cucu kwenye chumba cha chai, amekaa dirishani, mikono juu ya mapaja, hafumi, hasomi. Kuna mara moja watoto wawili walimwendea wakamwomba awaonyeshe walipo wale bata wa kofia. Akawaambia, "Waulizeni wengine, wanangu. Mimi sikumbuki nimewaweka wapi." Na alikuwa anakumbuka. Niliona macho yake yakienda moja kwa moja kwa taa iliyo juu ya piano. Watoto walipoondoka nikapangusa ile taa, na bata alikuwa hapo nyuma yake. Yaani alikuwa ameacha kujiamini, na ni mimi niliyemfundisha hivyo.

Nikamwambia Wachira. Alicheka sana. "Ati siku hizi wewe ni wa Tanzania?" Alipoona sicheki akasema, "Wacha tu, Peter. Watashuka Jumamosi na hutawaona tena maishani. Ukienda kusema, msimamizi atajua ulimdanganya mgeni. Kwani unataka kurudishwa nyumbani?"

Nilijaribu kufuata maneno yake. Nikabadilishana zamu na mtu wa ghorofa za chini ili nisipite kwao. Hebu fikiria, mtu niliyeshuka mlima na mzigo wa binadamu mgongoni, nazunguka meli nzima nikimkimbia mama mzee mwenye fimbo. Nilikuwa nikiinama tu, nasikia ile "labda nimechanganya".

Ilipobaki siku moja washuke, nilivua glavu, nikanawa mikono, nikaenda chumba cha chai. Walikuwa wawili peke yao pale dirishani. Nikasimama mbele ya binti kwanza.

"Mama yako hakuchanganya," nikamwambia. "Mimi ni Peter wa Naro Moru. Nilimwongoza mlimani na nikamshusha mgongoni. Kahora ni neno la kwetu, ni mimi nilimfundisha. Nilisema uongo."

Binti akasimama. "Unajua nimeshamwandikia kaka yangu? Nimemwambia mama hatambui watu. Nimemwambia tusingoje." Akanisogelea. "Unajua umenifanya nimfanyie nini mama yangu?"

Nikasema samahani, na neno lenyewe likasikika dogo.

Cucu hakuwa amegeuka. Bado alikuwa anaangalia nje. Akasema, "Nilikujua kabla hujainua uso. Nilikujua kwa kisogo. Siku ile uliponibeba sikuona kitu kingine." Halafu akanigeukia. "Kwa nini, Peter?"

"Nilikuwa nimepiga magoti, Cucu. Niliona aibu unione hivyo."

Cucu akaongea polepole, na binti yake akisikiliza.

"Uliponibeba, pale kwa matope, nilijikojolea. Mgongoni mwako. Nilijua umehisi. Nilianza kukuomba msamaha, ukaniambia ni mvua imetupata. Hakukuwa na mvua, Peter. Jua lilikuwa linawaka."

Binti alimwangalia mama yake kwa mshangao. Niliona kwamba hajawahi kusikia habari hiyo. Hata wewe sikukuambia, Mama Wangari, na nisingekuambia mpaka kufa, maana haikuwa yangu ya kusema. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa, mchana, mbele ya mtoto wake ambaye alikuwa akimpima akili. Na hakuongeza kitu. Hakusema, "Na wewe ukanikana." Angesema hivyo ningeweza hata kujitetea kidogo. Nikasimama hapo na sare yangu, nikitamani sakafu ipasuke.

Mwishowe binti akafungua mkoba, akatoa ule mfuko wa bata, akauweka juu ya meza mbele ya mama yake. Hakuniangalia tena. Nafikiri hatanisamehe, na ana haki.

Binti alimweleza msimamizi, ama mtu mwingine aliyesikia alimweleza, sijui. Niliitwa nikaulizwa kwa nini nilimdanganya abiria. Nikasema ni kweli nilidanganya. Nimepewa onyo, na nimeambiwa nikirudia narudishwa nyumbani. Usiogope, kazi bado iko. Lakini sikuweza kukuficha.

Siku ya kushuka nilikuwa nimefungwa na kazi vyooni, na sikumwona akienda. Wachira aliwaona. Anasema walishuka wameshikana mikono, Cucu akichukua wakati wake kwenye kila ngazi, na binti hakuwa anamharakisha. Kama atarudi kwake ama atapelekwa makao, sijui. Labda nilisema mapema ya kutosha. Labda nilichelewa. Hakuna wa kuniambia, na itabidi nikae hivyo.

Kuna wakati watu huku huniambia mimi ni mpole, nina bidii, na zamani nilikuwa nafurahi. Siku hizi nikisifiwa nainama chini.

Nilipoanza kuandika nilitaka kukuomba usimsomee Wangari barua hii. Najua vile huwaambia wenzake shuleni kwamba baba yake alimbeba mgeni mgongoni akamshusha mlima. Nimekaa na kalamu nikifikiria, na nimebadilisha mawazo. Pale pa Cucu na matope paruke, hiyo ni siri ya mama mzee. Mengine yote msomee. Ajue baba yake alibeba mtu, na ajue alimkana mtu, na kwamba ni mtu huyo huyo. Akikuuliza kwa nini, usinitafutie sababu.

Msalimie mama yangu, na umwambie dawa za miguu nitamtafutia. Baba mkwe mpe mikono yangu yote miwili ukienda Doldol. Dada yangu wa duka la mboga mwambie sijamsahau. Yule mzee aliyenifundisha njia za mlima, ukikutana naye sokoni, msalimie kwa heshima na umpe kibuyu kimoja cha maziwa. Na shemeji yangu mdogo asiache shule, nitamwandikia yake.

Nashipai, ukimaliza kusoma usiniandikie haraka. Kaa nayo kwanza. Nitangoja hata barua yako ikikawia, na lolote utakalosema nitalisoma.

Ni mimi mume wako,
Peter, Baba Wangari