Nimerudi Kwenye Kikao cha Bajeti

Baba watoto,

Wali uko jikoni. Usikombe sufuria yote, watoto hawajala. Mlango ufungeni kwa komeo.

Asubuhi nilienda kwenye kikao cha bajeti cha baraza la mji. Tangazo lilisema wananchi wote wanakaribishwa, ila mlinzi alinipitisha kwa kudhani nimeleta chai! Walipofuta fungu la zahanati yetu, nikanyoosha mkono. Mwenyekiti, huyo huyo bosi wako unayemwendesha, akauliza mimi ni nani. Mtu wake akanipiga picha.

Kikao kinaendelea mchana. Naogopa, lakini narudi.

Ukimchukua bosi wako jioni, akikuonyesha ile picha, ~~sema hunijui~~ sema ni mkeo.

Mama watoto