Mwaka Tuliokata Majani ya Viazi

Kwako mama mkwe wangu, uliyelala Njombe,

Kamwene, Mama. Nakuandikia kutoka Kitandililo, jirani na Makambako nilikozaliwa, maana nina jambo ambalo sina mwingine wa kumweleza.

Unakumbuka nilivyofika kwako bibi harusi nisiyejua hata kupanda kiazi? Kwetu huku ni mahindi na ulezi. Wewe ulitoka Ukinga, kwenye baridi, ambako viazi ulaya ndiyo riziki ya kila nyumba. Baada ya harusi mwanao alikwenda Tanga kukata mkonge na manamba wenzake, tukabaki wawili na shamba lile la mteremkoni.

Kisha mvua ikakataa kukatika, ugonjwa wa ukungu ukaingia shambani. Ndani ya siku tatu majani yakawa meusi na kunuka. Ukanipa mundu.

"Kata yote."

"Mama, si tutaviua? Tutakula nini?"

"Ugonjwa bado uko juu. Tukichelewa utashuka kwenye viazi. Kata, mwanangu."

Nilikata huku nalia. Siku ile nilikuchukia, Mama, nisikufiche. Majirani walisimama njiani wakitutazama kama wendawazimu. Tukayatupa majani mbali, ukanizuia kuchimba mpaka maganda yakomae. Tulipochimba, viazi vilikuwa vidogo lakini vizima. Vya majirani vilikuwa uji. Nilidhani utawacheka. Ukawagawia mbegu, na mimi ndiye uliyenitwisha debe nyumba hadi nyumba.

Ulifariki kabla mkataba wa mwanao haujaisha. Aliporudi alikuta kaburi lako limeshaota nyasi, akawa mtu wa kimya. Tukahamia huku, lakini kila lori la manamba lilipopita Makambako aliinuka kulitazama. Niliogopa atarudi Tanga.

Mwaka huu nilipanda viazi kwenye vinyungu, kule bondeni ambako udongo hukaa na unyevu hata kiangazi. Watu walinionya kwamba huku si Ukinga. Jana tumechimba. Mwanao aling'oa shina la kwanza, akaona lilivyozaa, akacheka kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi.

"Bonde lote hili halina mtu," akasema. "Tanga siendi tena. Tulime mpaka kwenye maji."

Leo tangu alfajiri yuko huko na jembe. Namsikia akiimba ninapoandika. Pumzika, Mama. Acha nimpelekee chakula kabla hakijapoa.

Ni mimi, mkweo.